LUKU moja, vyumba nane, na nyumba nzima inamsema dada wa barafu

Mweka Hazina wa Uani

Habari za jioni wapendwa. Nina swali, na naomba anijibu mtu anayejua umeme, siyo anayejua watu. Wanaojua watu ninao wa kutosha hapa nyumbani.

Nimepanga Tandika, nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, na uani kuna vyumba viwili vya banda. Jumla vyumba nane, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Hela ya umeme nakusanya mimi kila tarehe mosi, kwa sababu siku moja nilijisemesha kwamba nina hela kwenye simu, basi nikawa mweka hazina bila kupigiwa kura. Kila chumba 10,000, isipokuwa dada wa banda la kwanza anayetoa 20,000. Inakuwa 90,000, nanunua yote kwa mkupuo. Meseji ya tokeni ninayo, na uniti naziandika koridoni kwa chaki ili asije mtu akasema sikuziona.

Miaka yote umeme ulikuwa unatufikisha mwisho wa mwezi na chenji inabaki. Sasa hivi ikifika tarehe 21 tuko gizani. Mwezi uliopita hivyo hivyo, na wa kabla yake hivyo hivyo. Tunachangishana tena buku mbili mbili, wengine wanatoa, wengine wanajifanya wamelala.

Huyo dada wa banda la kwanza ndiye kesi yenyewe. Kabla ya Ramadhani alileta friza la mtumba, lile la kulala, anagandisha barafu za ubuyu na ukwaju anauza kwa watoto wa shule na kwa mama lishe wa barabarani. Alipolileta alikuja mwenyewe kwangu akaniambia, "Dada, mimi usinihesabie kumi, nihesabie ishirini." Hakuna aliyemwomba. Lakini uani huko wameshahukumu. Mara friza lile bovu linakula kama mtu mwenye mdudu tumboni. Mara usiku ana hita anachemshia maji. Mara bwana aliyemnunulia hilo friza ni mume wa mtu Mtoni (hili sijui linahusiana vipi na uniti). Juzi mama wa chumba cha tatu kajifunga khanga imeandikwa "Majungu si mtaji", akawa anapita nayo mbele ya banda, anaenda bombani anarudi, anaenda anarudi, na majungu yenyewe anayapika yeye.

Jumapili kuna kikao. Baba wa chumba cha pili ana hoja yake ya kuzima friza wiki nzima "tuone". Wiki nzima! Mtu mtaji wake wote umo humo.

Naomba kujua: friza la namna hiyo linakula uniti ngapi kwa siku? Na kwa haki alipe ngapi?

Shangazi wa Gerezani

Mwanangu, swali lako la umeme sijui, ila nyumba za kupanga nimezeekea humo. Friza siyo kosa. Kosa ni mwanamke hana mume halafu ana friza. Angekuwa nalo yule baba wa chumba cha pili mngeambiwa ni mjasiriamali.

Na hilo la hita usiku, nani kaliona? Mlango wa mtu umefungwa, taa imezimwa, hita imeonekana wapi?

Konda Mstaafu

Naomba nimuulize mweka hazina kwa heshima. 90,000 unapata uniti ngapi? Maana mimi hapa Kitunda mwanzo wa mwezi nikinunua ya 5,000, pamoja na makato, naletewa uniti 28 na ushee. Ukizidisha mara kumi na nane unavuka mia tano. Uniti mia tano nyumba ya vyumba nane zinaishaje siku 21? Labda hazifiki zote kwenye mita. Sisemi neno, nauliza hesabu.

Mweka Hazina wa Uani

Konda, napata uniti 248. Meseji zote zipo, kila mwezi ni 248 na pointi nne. Huyo baba wa chumba cha pili naye kanipigia hiyo hiyo hesabu yako, akasema dada yake Chanika anapata nyingi kuliko mimi, kwa hiyo nakula na dada wa barafu. Tazama jambo lilivyotembea: limeanza na friza, sasa limefika kwenye pochi yangu.

Mwenye kujua anieleze kwa nini yeye anapata nyingi na mimi kidogo, maana hata mimi sijawahi kuelewa.

Fundi Waya

Nimetoka kazini sasa hivi, ngoja niandike vizuri kwa sababu hapa watu wawili wanasingiziwa.

Tuanze na Konda. Wewe upo D1, daraja la mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) 3 na EWURA (ya mdhibiti wa nishati) 1 unafika 122. Mweka hazina yupo T1, daraja la matumizi ya kawaida: 292 kwa uniti, na makato hayo hayo inakuwa 356 na senti. Kwa hiyo 1,000 yako inaleta uniti 8.2, yake inaleta 2.8. Na wewe Konda ukivuka hizo 75, zinazozidi unachajiwa 350 kabla ya makato, ndiyo maana ile zidisha yako ya kumi na nane haiendi. Ungenunua ya 90,000 usingeona mia tano hata kidogo.

Sasa 90,000. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, 1,500. Inabaki 88,500. Gawa kwa 356.24, unapata 248.4. Mweka hazina hajala hata senti. Naomba hiyo uibandike koridoni kabisa.

Ila muone nyumba zenu zinavyoumia. Vyumba nane kwenye mita moja hamuwezi kubaki chini ya 75 hata mkilala na vibatari. Mnalipa bei ya mtu mkubwa wakati kila chumba ni mtu mdogo. 248 gawa kwa nane ni 31. Mtu wa uniti 31 kwa mwezi akiwa na mita yake kwenye D1 anatoa kama 3,800. Ninyi mnatoa 10,000 na bado mnagombana.

Friza. La mtumba, la kulala, mpira wa mlango umechoka, linafunguliwa kila saa na watoto: weka uniti 2 kwa siku. Jipya lingekula nusu ya hapo au chini yake. Uniti 2 kwa siku ni shilingi 712, kwa mwezi 21,400 hivi. Ongeza feni yake na taa, anakaribia 28,000 mpaka 29,000. Kwa hiyo anayotoa haitoshi, hilo liwe wazi. Anapungukiwa kama 8,000 au 9,000. Lakini 9,000 ni uniti 25. Haiwezi kuwazimia umeme siku tisa.

Sasa nijibu wewe. Kuna feni ngapi? TV ngapi? Nani ana pasi, jiko la umeme, sabufa?

Mweka Hazina wa Uani

Mungu akubariki fundi. Nimepita mlango kwa mlango kama mtu wa sensa, kuna mmoja kaniuliza kama serikali imenituma.

Feni ziko saba, zinawashwa tangu jioni mpaka asubuhi, Dar hii nani atazima? Mzee mstaafu wa chumba cha mbele ndiye hana, anasema feni inampa kifua. TV tano. Sabufa moja, kijana wa chumba cha nne, ila akiiwasha mpaka Azimio wanajua. Pasi kila mtu anayo, wengi wanapiga Jumapili usiku. Jiko la umeme hakuna, wote mkaa na gesi. Hita: nimeingia banda la dada mwenyewe kanikaribisha, nimekaa mpaka juisi. Hakuna hita. Hita nimeikuta chumba cha tatu kwa mama wa khanga, ipo juu ya kabati, kasema imekufa zamani. Sikuuliza zaidi, nina watoto.

Fundi Waya

Hahaha. Hita ya kuchovya ikiwa hai, ndoo ya lita 20 kuifanya ya kuogea inakula nusu uniti na zaidi. Ila tuiache, imekufa.

Feni ya kawaida ni wati 60 hivi. Saa kumi ni 0.6. Zidisha saba: 4.2 kwa siku. Umeona? Feni zenu zinakula mara mbili ya friza, na hakuna aliyewahi kumsema mtu kwa feni. TV tano, za kisasa, saa sita kila moja, 1.5. Taa, simu, pasi, sabufa ya kijana (kelele nyingi, umeme kidogo, usidanganywe na mlio), tuseme 1. Jumla 6.7. Hiyo ndiyo nyumba yenu ya zamani iliyokuwa inafika mwisho wa mwezi. Ongeza friza 2, inakuwa 8.7.

248 gawa kwa 8.7 ni siku 28. Ninyi mnamaliza siku 21, maana yake mnatumia karibu 12 kwa siku. Kuna uniti tatu kila siku zinakwenda mahali ambapo hujanitajia.

Fanya hivi. Siku moja asubuhi kila mtu achomoe vitu vyake, friza pia dakika kumi haliyeyuki. Meni swichi iache imewashwa. Tazama ile taa nyekundu ndogo kwenye mita. Ikitulia, waya hazivuji. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula mbali na vyumba.

Na swali moja ambalo huwa nauliza kila nyumba ya Temeke: maji mnapata wapi?

Mwenye Nyumba Kimara

Nimesoma kimya sasa nichangie. Wapangaji mna tabia ya kudhani mwenye nyumba ni mchawi wa kila jambo. Fundi, swali lako la maji nimelielewa linakoelekea. Mimi nina wapangaji kumi na kisima, pampu nalipia mwenyewe, mita mbali. Siyo wote tuko sawa.

Na hiyo kodi ya jengo msianze kulialia. 1,500 gawanya kwa vyumba nane haifiki 200 kwa kila chumba.

Shangazi wa Gerezani

Haifiki mia mbili lakini ni yako baba. Jengo ni la nani?

Fundi Waya

Kweli shangazi. Ile kodi ni ya mwenye jengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500 Julai 2023. Imewekwa kwenye mita kwa sababu ni rahisi kukusanya, ila mpangaji akiilipa ana haki ya kumkumbusha mwenye nyumba waitoe kwenye kodi ya chumba. Wachache wanathubutu.

Mkazi wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Haya maneno yenu nimeyacheka kwa uchungu maana nyumba zetu za Kiswahili ni hizo hizo, korido na ua. Huku nasi ni tokeni, na bei nayo yaenda kwa madaraja: asiyevuka uniti 30 kwa mwezi ndiye alipaye bei ya chini kabisa. Nyumba nzima ikiwa mita moja, hiyo thelathini waipita wiki ya kwanza.

Kwetu mwenye nyumba alitia mita ndogo kila chumba. Kila mtu asoma yake, alipa yake. Ugomvi wa stima uliisha siku hiyo hiyo. Sasa twagombania nani haoshi choo.

Mweka Hazina wa Uani

Nimeshindwa kulala, ndiyo najibu saa hizi.

Maji. Tuna kisima uani. Mama mwenye nyumba anakaa nyumba ya pili, alichimbisha miaka kadhaa iliyopita, akaweka pampu na matenki mawili juu ya zege. Sisi wapangaji tunachota bure, ndiyo sifa ya nyumba hii, ukitafuta chumba Tandika dalali anakwambia kabisa "maji bure". Zamani alikuwa anajaza tenki moja tu, la kwetu na la kwake. Tangu maji ya bomba yaanze kuja kwa mgao huku mtaani, anauza ndoo moja shilingi 100. Asubuhi kuna foleni ya madumu mpaka barabarani, na wale wa mkokoteni wanakuja na madumu kumi kumi. Huo mgao umeanza wakati ule ule lilipoingia friza.

Na pampu imefungwa kwenye mita yetu. Nimeufuata ule waya kwa macho leo asubuhi nikijifanya naanua nguo. Unatoka juu ya mlango wa korido.

Nimefanya na jaribio la taa, kwa siri kidogo. Nilisubiri wengi wametoka, dada kachomoa friza, mimi nimezima kwangu. Taa ilikuwa inapepesa taratibu. Pampu ilipowashwa ikawa inapepesa mpaka huwezi kuhesabu.

Kinachoniudhi ni kwamba kelele za ile pampu tunazisikia wote. Tunakaa pembeni yake! Mama wa chumba cha tatu anamsema dada wa barafu huku pampu inanguruma nyuma yake na anapaza sauti ili asikike. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Fundi Waya

Ndiyo hiyo. Pampu ya nguvu farasi moja ukiipa uhalisia wake inavuta kama kilowati moja. Tenki la lita 1,000 inalijaza kama saa nzima, inategemea kina cha kisima. Akijaza matenki matatu kwa siku ni uniti tatu. Hesabu imefunga.

Kwa shilingi: uniti tatu ni 1,070 kwa siku, 32,000 kwa mwezi na kidogo, mnamlipia ninyi. Tenki la lita 1,000 ni ndoo 50 za lita 20. Tuseme tenki moja mnatumia wenyewe, mawili anauza: ndoo 100, shilingi 10,000 kwa siku.

Konda Mstaafu

Laki tatu kwa mwezi! Mweka hazina naomba radhi kwa ile zidisha yangu. Huyo mama anatakiwa apelekwe serikali ya mtaa kesho asubuhi.

Mwenye Nyumba Kimara

Taratibu. Tenki moja katika hayo matatu ni maji yenu ya bure. Mkitaka haki kamili, basi nanyi mlipe ndoo. Vyumba nane, ndoo tano kila chumba, ni 4,000 kwa siku. Mnazo? Mimi naona mama wa watu hajakosea sana, hajapiga hesabu tu. Wengi wetu hatupigi. Waya ulifungwa na fundi siku ile ulipokuwa rahisi kufungwa, basi.

Shangazi wa Gerezani

Hajapiga hesabu ya umeme, ya ndoo kaipiga vizuri.

Lakini mwanangu usikimbilie ofisi ya mtaa. Mwenyekiti atawaita, mtakaa kwenye benchi, atawapatanisha, mtarudi nyumbani, na mwezi unaofuata mtaambiwa chumba anakuja kukaa mtoto wa kaka yake kutoka Mahenge. Nimeyaona. Zungumzeni ndani kwanza, na asizungumze mmoja.

Tena usilifikishe jambo kikaoni likiwa bichi. Mfuate kabla. Nenda jioni, usiende na watu, chukua hata maandazi. Sema: "Mama, umeme unatushinda, naomba ushauri wako." Usitaje pampu. Muonyeshe hesabu ya fundi, mwache aione mwenyewe. Mtu mzima ukimuaibisha mbele ya wapangaji atatetea hata asichokitaka.

Fundi Waya

Nakubaliana na shangazi, ila aende na namba za nyumba yake, siyo zangu za kukadiria. Pampu ikiwashwa, soma uniti zilizobaki. Ikizimwa, soma tena. Fanya siku mbili tatu, kama unaweza wakati friza na feni zimezimwa ni bora zaidi.

Suluhisho ni rahisi kuliko ugomvi wenyewe: mita ndogo moja kwenye waya wa pampu, nyingine kwenye waya wa friza. Fundi yeyote anafunga kwa saa moja. Halafu kila tarehe mosi mnasoma, mama anatoa yake, dada anatoa yake, wengine mnagawana kinachobaki. Kuvuta LUKU mpya kabisa kwa ajili ya kisima, mjini, isipohitaji nguzo, ni 320,960, na muombaji ni yeye mwenye nyumba. Mwaka 2021 ilikuwa 27,000, akachelewa.

Mweka Hazina wa Uani

Nimekwenda. Maandazi nilichukua.

Hakukasirika, na hakukubali. Alitazama karatasi, akavaa miwani, akatazama tena, akasema, "Kumbe ile pampu ipo kwenu?" Sijui kama hajui kweli. Akasema atamuuliza mwanawe. Halafu akaniuliza friza la dada linakula ngapi, nikamwambia mbili kwa siku, akasema "Basi mwambieni alipunguze." Nikajikuta nimerudishwa palepale nilipotoka.

Dada wa barafu nimemweleza yote, mpaka ile 9,000 anayopungukiwa. Nilidhani atalia au atahama. Akatoa kalamu akaandika 29,000, akasema ataanza tarehe mosi, mita ndogo ya friza atanunua mwenyewe, na pampu ataisema yeye kikaoni. Nikamwambia shangazi mmoja amesema asizungumze mtu mmoja. Akajibu, "Dada, mimi nimeshatukanwa mpaka mwisho. Nyie ndio mnaogopa kuanza."

Baba wa chumba cha pili bado ana hoja yake ya kuzima friza. Nimemwomba tuzime na feni zote wiki hiyo hiyo, tuone. Anafikiria.

Shangazi wa Gerezani

Asiseme peke yake huyo mtoto. Akifungua mdomo tu, wewe dakia. Na yule mzee asiye na feni akae upande wenu, maana yeye ndiye anayelipa 10,000 kwa taa moja na redio, na hakuna hata mmoja hapa aliyemkumbuka. Utuletee majibu Jumapili usiku.

Mweka Hazina wa Uani

Mzee nimemfuata sasa hivi. Anasema alijua kuhusu pampu tangu siku ilipofungwa, yeye ndiye aliyemshikia fundi ngazi. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Jumapili nitaleta majibu, nikiwa bado mpangaji.